Breki ya Nyuma ya Pikipiki: Jinsi ya Kuikagua na Kuirekebisha Kabla ya Kuteremka Mlima

Mhudumu wa bodaboda anayeteremka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate akiwa na abiria nyuma hutegemea viungo viwili vya mwili wake kumfikisha salama: mkono wa kulia, unaoshika breki ya mbele, na mguu wa kulia, unaokanyaga breki ya nyuma. Barabara hiyo ina kona nyingi na mteremko mrefu. Huko, breki iliyochelewa kushika haina tofauti kubwa na breki ambayo haipo.

Hata hivyo, breki ya nyuma hulegea polepole kiasi kwamba mwenye pikipiki hatambui. Kila wiki pedali hushuka kidogo zaidi kuliko wiki iliyopita, na mguu huzoea. Mhudumu huja kugundua siku mtoto anapokatiza barabara ghafla, au lori linaposimama mbele yake kwenye barabara kuu pale Voi. Siku hiyo kuzoea hakumsaidii.

Kurekebisha pedali hiyo hakuhitaji gereji kubwa wala fedha nyingi. Kunahitaji spana moja, rula na dakika chache za utulivu. Jambo la muhimu ni kujua pedali inapaswa kushuka kiasi gani, nati ya kurekebisha inageuzwa vipi, na ni wakati gani nati hiyo haipaswi kugeuzwa tena bali shuu zibadilishwe.

Maelezo yaliyo hapa yanahusu pikipiki ambazo gurudumu lake la nyuma lina breki ya dramu inayovutwa kwa fimbo ya chuma. Hiyo ndiyo breki ya nyuma katika pikipiki nyingi za bodaboda, zikiwemo Boxer na TVS ambazo wakazi wengi wanazifahamu. Pikipiki yenye breki ya diski nyuma hutumia mafuta ya breki na hairekebishwi kwa njia hii. Hiyo ipelekwe kwa fundi anayeifahamu.

BREKI YA NYUMA INAVYOFANYA KAZI

Mguu unapokanyaga pedali, pedali huvuta fimbo ndefu ya chuma inayokwenda hadi kwenye gurudumu la nyuma. Mwisho wa fimbo hiyo umeunganishwa na kipande kifupi cha chuma kilicho nje ya dramu, kinachoitwa mkono wa breki. Fimbo ikivutwa, mkono wa breki huzunguka na kugeuza kipande bapa cha chuma kilicho ndani ya dramu. Kipande hicho husukuma shuu mbili zenye umbo la mwezi mchanga. Shuu hutanuka na kusugua ukuta wa ndani wa dramu, na msuguano huo ndio unaopunguza mwendo. Mguu ukiondolewa, springi hurudisha kila kitu mahali pake.

Kila zinaposugua, shuu huisha kidogo. Kadiri zinavyoisha, pengo kati yake na ukuta wa dramu huongezeka, na pedali hulazimika kushuka zaidi kabla ya breki kushika. Kwa hiyo pedali inayoshuka sana inatoa taarifa kuhusu kitu kisichoonekana, yaani hali ya shuu zilizo ndani ya gurudumu. Nati iliyo kwenye ncha ya nyuma ya fimbo iliwekwa na watengenezaji ili kuziba pengo hilo kadiri shuu zinavyoendelea kuisha.

MCHEZO WA PEDALI: USIZIDI, USIPUNGUE

Pedali ya breki haipaswi kuanza kushika mara tu inapoguswa. Ni lazima icheze kidogo, yaani ishuke bila uzito wowote, kabla ya mguu kuhisi breki inaanza kushika. Umbali huo ndio unaoitwa mchezo wa pedali. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, mchezo unaofaa ni kati ya milimita 20 na 30, ukipimwa kwenye ncha ya pedali pale mguu unapokanyaga. Kitabu kilichokuja na pikipiki hutaja kipimo chake kamili, na hicho ndicho cha kufuatwa.

Asiye na rula anaweza kutumia sarafu ya shilingi 20, ambayo upana wake ni takriban milimita 26. Ikisimamishwa kando ya ncha ya pedali, pedali inapaswa kushuka umbali unaokaribia upana wa sarafu hiyo kabla breki haijaanza kushika.

Mchezo ukizidi, breki huchelewa. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha mwendo mijini na katika vituo vya biashara, pikipiki hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Pedali iliyolegea ikimchelewesha mhudumu kwa theluthi moja tu ya sekunde, pikipiki itakuwa imekwenda zaidi ya mita 4 kabla breki haijaanza kufanya kazi. Mita 4 zinatosha kuimaliza nafasi iliyokuwepo kati ya gurudumu na mtoto anayevuka mbele ya shule.

Mchezo ukipungua sana, madhara yake ni mengine lakini si madogo. Shuu hubaki zikigusa dramu muda wote, hata mguu ukiwa mbali na pedali. Dramu hupata joto, uso wa shuu huungua na kuwa laini kama kioo, na breki iliyokuwa kali asubuhi hupoteza nguvu adhuhuri. Injini nayo hulazimika kuvuta gurudumu lililoshikwa, kwa hiyo petroli huisha haraka. Mhudumu ambaye hesabu ya tajiri inamsubiri jioni hulipia kosa hilo kila siku bila kujua. Hatari iliyo kubwa zaidi ni gurudumu la nyuma kukwama ghafla kwenye kona au kwenye changarawe.

MATAYARISHO

Kazi hii ifanywe pikipiki ikiwa imepoa, kwa sababu dramu iliyotoka kazini huweza kuchoma vidole. Vifaa vinavyohitajika ni spana inayoingia sawasawa kwenye nati ya kurekebisha, rula, kitambaa na brashi ya kuondoa matope. Koleo lisitumike badala ya spana. Koleo hula pembe za nati, na nati ya mviringo haikazwi wala kulegezwa tena.

Sehemu ya nyuma ya fimbo isafishwe kwanza. Udongo mwekundu wa Voi na Mwatate hujikusanya kwenye nyuzi za fimbo hadi nati inakuwa ngumu kugeuka, na wengine hudhani imefika mwisho. Vumbi linalotoka kwenye breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwa maana si zuri kwa mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji. Mafuta au grisi visimwagike karibu na dramu, kwani shuu zikiloa mafuta hazishiki tena hata zikiwa mpya.

HATUA KWA HATUA

1. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati mahali tambarare. Zima injini na uweke gia huru. Gurudumu la nyuma liweze kuzunguka bila kugusa ardhi. Ikiwa stendi ya kati haipo, mtu wa pili ashikilie pikipiki.

2. Angalia kimo cha pedali kabla ya kitu kingine chochote. Mhudumu akalie pikipiki akiwa amevaa viatu vyake vya kazi, iwe ni buti, raba au gambuti. Mguu ukiwa juu ya kikanyagio, vidole vifike juu ya pedali bila kunyanyua kisigino na bila mguu kuilemea pedali. Pikipiki nyingi zina boliti ndogo karibu na pedali inayoizuia isipande zaidi. Legeza nati yake ya kufungia, geuza boliti mpaka kimo kifae, kisha kaza nati tena. Kimo kikibadilika, mchezo wa pedali nao hubadilika. Ndiyo maana hatua hii hutangulia.

3. Pima mchezo wa pedali. Simamisha rula kando ya ncha ya pedali na utazame pedali ilipo. Ibonyeze kwa mkono, polepole, mpaka uhisi imepata uzito. Tofauti kati ya alama hizo mbili ndiyo mchezo.

4. Nenda nyuma ya gurudumu na uitafute nati iliyo kwenye ncha ya fimbo. Ukiitazama kutoka nyuma, kuigeuza kulia, yaani kwa mwelekeo wa mishale ya saa, hupunguza mchezo. Kuigeuza kushoto huuongeza. Geuza nusu mzunguko kwa mara moja, kisha pima tena. Nati hii huwa na mkato wa mviringo unaokaa juu ya pini ya mkono wa breki. Hakikisha mkato huo umekaa vizuri juu ya pini kila unapomaliza kugeuza. Nati isiyokaa vizuri itajigeuza yenyewe barabarani mpaka ipate makao yake, na kipimo chote kitakuwa kimeharibika.

5. Zungusha gurudumu kwa mkono. Linapaswa kuzunguka kwa urahisi. Mlio wa cheni ni wa kawaida, lakini mlio wa kusugua kutoka ndani ya dramu unaonyesha kwamba nati imekazwa kupita kiasi. Irudishe kushoto nusu mzunguko na ujaribu tena.

6. Kanyaga pedali kwa nguvu mara tano au sita, kisha pima mchezo upya. Mara nyingi kipimo hubadilika kidogo baada ya shuu kukaa mahali pake.

7. Fanya jaribio mahali pasipo watu wala magari, kwa mwendo mdogo. Breki ishike taratibu na kwa nguvu inayoongezeka kadiri mguu unavyokanyaga. Ukiuachilia mguu, pikipiki iendelee kwenda bila kushikwa.

TAA YA BREKI NI SEHEMU YA KAZI

Watu wengi hukaza nati na kuondoka, wakisahau kwamba pedali hiyohiyo ndiyo inayowasha taa nyekundu ya nyuma. Swichi ya taa hiyo huwa upande wa kulia, karibu na pedali, na huvutwa kwa springi ndogo. Mchezo wa pedali ukibadilishwa, wakati wa taa kuwaka unaweza kuwa si sahihi tena.

Taa inapaswa kuwaka muda mfupi kabla breki haijaanza kushika. Ikichelewa kuwaka, dereva wa matatu aliye nyuma hapati onyo. Ikiwaka muda wote ni hatari vilevile, kwani aliye nyuma huizoea na hawezi kujua ni lini hasa pikipiki inasimama. Kurekebisha ni rahisi: shikilia mwili wa swichi kwa mkono mmoja usizunguke, na ugeuze nati yake kwa mkono mwingine. Swichi ikipanda juu, taa huwaka mapema. Ikishuka, taa huchelewa. Mwili wa swichi ukizungushwa, nyaya zake hukatika.

NATI INAPOFIKA MWISHO

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Nati ya kurekebisha huziba pengo, lakini haiongezi shuu zilizokwisha. Inafika siku ambapo kukaza zaidi ni kujidanganya.

Watengenezaji wa pikipiki waliweka alama ya kuonyesha siku hiyo. Kwenye mkono wa breki kuna mshale mdogo, na kwenye bamba la dramu kuna alama nyingine iliyochorwa au kuchongwa. Mtu mmoja akanyage pedali kwa nguvu mpaka mwisho, na mwingine atazame. Mshale ukifika kwenye alama hiyo, au ukiipita, shuu zimekwisha na zinapaswa kubadilishwa hata kama breki bado inaonekana kushika.

Baadhi ya mafundi, wakiona nati imefika mwisho wa nyuzi, huuchomoa mkono wa breki na kuurudisha ukiwa umesogezwa jino moja au mawili. Pedali hupanda, mteja hufurahi, na kazi hulipwa bei ndogo kuliko shuu mpya. Lakini shuu ndani ya dramu ni zilezile zilizokwisha, na mshale uliopaswa kutoa onyo sasa unaonyesha uongo. Kipande bapa kinachosukuma shuu kikilazimika kuzunguka kupita kiasi, kinaweza kukwama na kufunga gurudumu, au kisirudi mahali pake. Mteja anayefanyiwa kazi hiyo ana haki ya kukataa. Shuu mpya kwa kawaida ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kwenye pikipiki, na inafaa zinunuliwe mahali panapoaminika, zikiwa za aina ya pikipiki husika.

Shuu zinapobadilishwa, dramu pia itazamwe. Ikiwa ukuta wake wa ndani umechimbika mifereji, shuu mpya hazitagusa sawasawa na zitakwisha haraka.

CHENI IKIKAZWA, BREKI IKAGULIWE

Kukaza cheni ni kulisogeza gurudumu la nyuma. Gurudumu likienda nyuma, mkono wa breki huenda nalo, lakini pedali hubaki palepale. Matokeo yake ni kwamba fimbo huvutwa na mchezo wa pedali hupungua. Pikipiki nyingi ambazo breki yake hushika moto bila sababu inayojulikana zimetoka kukazwa cheni siku hiyohiyo. Kwa hiyo kila cheni inapokazwa, na kila tairi la nyuma linapotolewa kuzibwa pancha, mchezo wa pedali upimwe upya.

Wakati huohuo, chuma kinachozuia bamba la dramu lisizunguke nacho kikaguliwe. Kimefungwa kwa boliti, nati na pini ndogo inayokunjwa ncha ili nati isitoke. Pini hiyo ikipotea, isibadilishwe kwa kipande cha waya wa ua. Nati ikitoka na chuma hicho kikaachia, mguu ukikanyaga breki bamba lote litazunguka pamoja na gurudumu, fimbo itapinda na breki haitakuwepo tena.

Mzigo pia una athari. Springi za nyuma zinaposhuka kwa uzito wa abiria au magunia ya kabeji, mahali pa gurudumu hubadilika kidogo, na mvuto wa fimbo hubadilika pamoja nalo. Ndiyo sababu mchezo haupaswi kumalizwa kabisa pikipiki ikiwa tupu. Anayebeba mikungu ya ndizi Taveta apime pia akiwa na mzigo wake wa kawaida.

VUMBI, MVUA NA MITO

Pedali huzunguka kwenye ekseli ndogo ambayo hukaa karibu na ardhi na hupokea kila aina ya uchafu. Ikikauka, pedali hukanyagwa vizuri lakini hurudi polepole, na breki hubaki imeshika. Dawa yake ni kuitoa, kuisafisha na kuipaka grisi kidogo. Springi ya kurudisha pedali ikiwa imelegea au kukatika, ibadilishwe.

Wakati wa mvua, maji yakiingia kwenye dramu, breki hupoteza nguvu kwa muda. Mhudumu aliyevuka korongo lenye maji au dimbwi refu aendeshe polepole huku akikanyaga pedali kidogokidogo mpaka ahisi breki imerudi. Joto la msuguano hukausha shuu. Asisubiri mteremko unaofuata ndipo ajue kama breki ipo.

BREKI YA NYUMA PEKE YAKE HAITOSHI

Wako wahudumu wanaoiogopa breki ya mbele kwa kuamini kwamba itawapindua. Hutumia mguu peke yake, na ndiyo maana breki yao ya nyuma huisha haraka. Ukweli ni kwamba pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia gurudumu la mbele, na kwenye barabara kavu ya lami breki ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Breki zote mbili zitumike pamoja, zikishikwa taratibu na kwa nguvu inayoongezeka. Kwenye changarawe, matope au kona kali, breki ya mbele ishikwe kwa upole zaidi, na mwendo upunguzwe kabla ya kuingia kwenye kona.

Kwenye mteremko mrefu, injini ndiyo msaidizi wa kwanza. Gia ipunguzwe mapema, pikipiki ikiwa bado juu, ili injini izuie mwendo. Kuteremka na gia huru ili kuokoa petroli huacha uzito wote mikononi mwa breki. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na ukiongeza mhudumu, abiria na mizigo, joto linaloingia kwenye dramu ni kubwa mno. Mguu usikae juu ya pedali muda wote. Breki ikanyagwe, iachwe ipoe, kisha ikanyagwe tena. Mhudumu akihisi pedali inashika kwa udhaifu au akisikia harufu ya kuungua, asimame kando ya barabara na asubiri dramu ipoe. Dramu ya moto isimwagiwe maji.

NI JUKUMU LA NANI?

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, kinataka kila chombo kinachotumika barabarani na sehemu zake zote kiwe katika hali isiyoweza kuwa hatari kwa watumiaji wengine wa barabara wala kwa wanaosafiri nacho. Breki ni miongoni mwa sehemu hizo.

Lakini pikipiki nyingi za bodaboda haziendeshwi na wenyewe. Tajiri hungojea hesabu ya siku, mhudumu huitafuta, na wakati mwingine watu wawili hubadilishana pikipiki moja, mmoja mchana na mwingine usiku. Shuu zikiisha, kila mmoja humtazama mwenzake. Njia bora ni kukubaliana mapema, kabla pikipiki haijatoka: nani hununua shuu, nani hulipa fundi, na kwamba siku ya kutengeneza breki haihesabiwi kuwa siku ya kukosa kazi. Wanaobadilishana pikipiki waambiane hali ya breki wanapokabidhiana ufunguo, kwa sababu mguu wa mmoja umeizoea pedali ambayo mguu wa mwingine haujaizoea.

Steji nazo zina nafasi. Wahudumu walio pamoja wakisubiri abiria wanaweza kukaguliana: mmoja akanyage, mwingine atazame mshale na taa. Spana moja ya steji inatosha pikipiki zote.

Abiria pia asikae kimya. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, akiwa amevaa helmeti. Akisikia mlio wa chuma kusaga chuma kutoka gurudumu la nyuma, au akiona mhudumu akiburuta miguu ili kusimama, ana haki ya kushuka na kutafuta pikipiki nyingine.

Jambo hili linamgusa hata mkazi asiyepanda bodaboda. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, hospitali za kaunti, huduma za ambulansi na barabara za kaunti ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Mguu uliovunjika kwenye kona kwa sababu ya shuu zilizokwisha huchukua kitanda, damu na muda wa daktari ambao mgonjwa mwingine alikuwa akiungoja. Na nyumbani, familia iliyotegemea pikipiki hiyo kwa karo na chakula hubaki bila kipato kwa miezi.

UKAGUZI WA DAKIKA MBILI KILA ASUBUHI

• Bonyeza pedali kwa mkono. Je, inacheza karibu upana wa sarafu ya shilingi 20, kisha inashika?

• Iachilie. Je, inarudi juu mara moja?

• Washa swichi ya pikipiki na ukanyage pedali. Je, taa ya breki inawaka, na inazimika mguu ukiondolewa?

• Kanyaga kwa nguvu na umwombe mwenzako atazame mshale. Je, bado haujafika kwenye alama?

• Tazama nati ya fimbo na pini ndogo zote. Je, zipo na zimekaa vizuri?

• Sukuma pikipiki mbele ikiwa na gia huru. Je, inakwenda bila kushikwa?

• Shika breki ya mbele. Je, nayo inafanya kazi?

Jibu likiwa "hapana" kwa swali lolote, pikipiki isibebe abiria mpaka irekebishwe. Asiyejiamini kufanya kazi hii mwenyewe aipeleke kwa fundi aliyefunzwa, na asimame pale kuangalia kazi inavyofanywa, ili mara nyingine aweze kuikagua mwenyewe.